Gari Lililovuja Likazidi Kujaa

Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kona ya tatu ya uwanja wa mbio, gari jekundu la Daktari lilipigiwa bendera nyeusi ya kulitoa mbioni. Lilikuwa linadondosha oili njia nzima kama mtoto anayeota meno. Magari mawili yaliyokuwa nyuma yake yakateleza, moja likaenda kujichomeka kwenye matairi ya pembeni, likatulia humo kama kuku anayeatamia. Msimamizi wa uwanja akasema oili ikidondoka tena Jumamosi ijayo, Daktari asihangaike kurudi.

Daktari ni daktari wa meno. Hakupiga kelele. Alimtazama tu Fundi Pua vile anavyotazama jino la kung'oa.

Kelele alipiga bosi wa gereji. Nani kabadilisha oili Jumatatu? Pua. Nani kafunga nati ya chini? Pua. Basi kikulacho ki nguoni mwako. Akampa mpaka Alhamisi saa kumi jioni aonyeshe oili inatokea wapi, la sivyo avue ovaroli. Kisha akapanda pikapu yake, ile anayoiegesha siku zote kwenye mteremko wa geti, mbele kumeinuka, akaondoka na moshi wa bluu kama mtu anayehama na jiko likiwaka.

Pua walimwita Pua kwa sababu hagusi kitu kabla ya kukinusa. Jumatatu saa mbili asubuhi akaingia chini ya gari. Nati ya chini: alama nyeupe ya rangi aliyoichora mwenyewe ilikuwa imenyooka vilevile. Filta: kavu. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Akatafuta ndoo akakaa.

Gari limemwaga oili uwanjani, na bado oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili.

"Marehemu ananenepa," alijisemea.

Akanusa kijiti. Oili aliyoweka yeye ilikuwa nyepesi, rangi ya asali. Hii ilikuwa nzito, na ilinuka lori. Kumbe kuna mtu anaongeza.

Daktari naye alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Ijumaa jioni alikuta miguu ya mtu imechomoza chini ya gari lake, na viatu akavitambua: ni Hanabreki, yule wa gari la kijani anayeshika nafasi ya pili kila wiki. Mbio ni za Jumamosi tu. Siku nyingine Hanabreki ni kinyozi. Kwa hiyo Jumanne saa saba mchana Pua akaenda kunyolewa ndevu.

"Ijumaa ulikuwa chini ya gari la Daktari," alisema. "Ulifuata nini?"

Wembe ukasimama kooni. Pua akajua ameuliza swali zuri mahali pabaya.

"Springi," alisema Hanabreki, kwa sauti ndogo. "Ananipita kwenye kona kila wiki, kaka. Nikapiga picha springi zake nijue siri. Ningemuuliza, ningeiweka wapi sura yangu?"

Akatoa simu. Picha kumi na moja, za saa kumi na moja jioni. Pua akazikuza moja moja: chini kote kukavu. Na boneti? Hanabreki akaapa hakuigusa, maana kipini cha kuifungulia kiko ndani ya gari na milango ilikuwa imefungwa. Hilo lilikuwa kweli. Anayefungua boneti ile lazima awe na funguo, na funguo zilikuwa mbili: moja kwa Daktari, moja kwenye msumari nyumbani kwake, nyuma ya mlango.

Jumatano Pua akaiosha injini, akaipaka poda ya watoto mpaka ikawa nyeupe kama keki ya harusi. Daktari akaendesha barabara iliyonyooka dakika ishirini. Poda kavu. Wakaingia kwenye uwanja mtupu wa maegesho, akazunguka duara kwa kasi mpaka Pua akakumbuka dhambi zake zote. Walipofungua boneti, mstari mweusi ulikuwa unashuka kutoka kwenye mpira ambao injini hupumulia.

"Halivuji," alisema Pua. "Linacheua. Limeshibishwa kupita kiasi, likiyumba konani linatapika."

Alhamisi saa tisa na nusu alasiri walilirudisha nyumbani kwa Daktari. Ua wa nyumba ulikuwa mteremko, gari likaegeshwa palepale linapolala, mbele kumeelekea juu. Baba yake Daktari, Mzee Tela, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa amekaa barazani na shati lililopigwa pasi. Pua akampa shikamoo. Alipokuwa anaitikia, mzee akajifuta jasho kwa leso nyeupe, na Pua akaona kwenye leso mistari myembamba myeusi, imenyooka kama ya rula, upana wa kijiti.

Akasubiri injini itulie, akavuta kijiti. Oili iligusa alama ya chini tu.

"Basi imepungua," alisema Daktari.

Wakalisukuma mpaka barabarani, penye tambarare. Wakasubiri. Kijiti kikatoka kimelowa vidole viwili juu ya alama.

"Kijiti kiko mbele ya injini," alisema Pua. "Hapo uani oili yote inakimbilia nyuma. Anayepimia hapo ataona njaa kila siku." Akageuka. "Mzee wangu, naomba leso yako."

Mzee Tela akaikunja leso, akaikunja tena, mpaka ikabaki kama stempu.

"Kikombe kimoja tu," alisema. "Kila alfajiri."

"Baba," alisema Daktari. "Nimempeleka mtu kwenye matairi."

"Lori langu la kwanza lilikauka oili porini, mwanangu. Injini ikaganda, nikakaa siku nne na nyani. Wewe unakwenda kushindana mwendo na wehu. Kukukataza siwezi, una miaka thelathini na sita na una koleo. Nikasema basi angalau injini isikuangushe."

Daktari akakaa chini palepale, kando ya gurudumu. Methali ya bosi ilikuwa sahihi, ila nguo zilikuwa za mtu mwingine.

Saa kumi kasoro dakika tano simu ya Pua ikaita. Akaiweka sauti ya nje. Bosi alikuwa anakuja, injini ya pikapu inanguruma nyuma ya maneno yake. Pua akasema oili imezidishwa, na kosa si la gereji. Bosi akataka jina. Pua akamtazama mzee: miaka arobaini ya udereva, na wenzake wa kijiweni watamcheka mpaka kaburini. Akasema jina hatoi. Bosi akasema basi, ovaroli iwe imekunjwa.

Mzee Tela akaichukua simu.

"Ni mimi. Nimeendesha malori miaka arobaini, na nimepima oili gari likiwa mlimani. Mwache kijana na ovaroli yake."

Kisha bosi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia ugonjwa wa rafiki yake:

"Kwani mbele kukiinuka, kijiti kinadanganya?"

"Kinadanganya."

"Na ikizidi... linatoa moshi?"

"Wa bluu, bosi," alisema Pua.

Upande wa pili wakasikia injini ikizimwa.