Mwezi Uliofunga Boma

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Batula, ambaye huuza maziwa ya ngamia hapa Wabera. Alikuwa amempelekea mama mkwe wake sukari na majani ya chai kule Kulamawe, na giza likaingia kabla mumewe Huqa hajarudi na ngamia. Juzi tu jirani alikuwa ameuawa na wezi wa mifugo, kwa hiyo moyo wa Batula haukutulia. Mwezi ukatoka umezungukwa na duara kubwa jeupe.

"Leo mwezi umefunga boma lake," mama mkwe alisema. "Na sisi tufunge letu. Usimfungulie mtu mpaka aite."

"Hata mwanao, mama?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Ana mdomo, aite!"

Batula akacheka, akaburuta tawi la miiba langoni. Baadaye akasikia kengele za mbao, ko, ko, ko, zikija polepole. Aliijua kengele ya ngamia wao wa mbele. Kwa furaha akavuta tawi bila kungoja kuitwa. Kengele zikampita karibu, zikaingia ndani, lakini hakuona mnyama yeyote.

Ndipo Huqa alipoita kutoka mbali, mzima. Ngamia walikuja kengele zikiyumba shingoni bila mlio. Langoni wakasimama, wakakataa kuingia hata kwa fimbo. Ndani ya boma lisilo na ngamia hata mmoja, kengele ziliendelea kulia taratibu.

Batula akainua macho. Duara la mwezi lilikuwa limefunguka upande mmoja.