Anayekunywa Utamu

Jua lilikuwa linazama Kidomo aliposhuka ghalani na jagi mkononi. Juu, shangazi yake alikuwa amekaa na mnunuzi aliyekuja kuonja mvinyo mweupe wa familia, ule mkavu, unaochoma ulimi kidogo kisha ukakata kiu kama maji ya kisima. Tangu baba yake Kidomo afariki, shamba la mizabibu na mapipa yote yalikuwa mikononi mwa Kidomo. Jina la Kidomo alibandikwa utotoni, maana hakujua kunyamaza.

Chini kulinukia ndimu na jiwe lililolowa, kama siku zote.

Halafu kukanuka udongo. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi...

Fyo... fyo...

Kulikuwa na mtu anafyonza kitu gizani.

"Nani huyo?"

"Mwenyeji kuliko wewe," sauti ilinong'ona. Kati ya mapipa akatokea mzee aliyekunjamana kama zabibu iliyosahauliwa juani. "Babu yako alinimiminia. Baba yako alinimiminia. Sasa ni zamu yako. Mimi nakunywa utamu, nyinyi mnabaki na sifa."

"Na ukishakunywa?"

"Naondoka na mtoto. Mmoja tu."

Kidomo alimkumbuka kaka yake, aliyenyauka kitandani mwaka ule baba yao alipopokea shamba, madaktari wakabaki kutikisa vichwa. Na huko juu alimsikia binti yake mdogo akicheka. Kicheko kikakatika. Kikaja kikohozi.

"Nimiminie, mjukuu wangu."

"Mimi si mjukuu wako."

Woga wake ulikuwa umeshageuka hasira. Akafungua bomba la pipa lililokuwa karibu. Akafungua la jirani yake. Akaenda hivyo hivyo mpaka la mwisho, mvinyo ukafurika sakafuni ukikimbilia mfereji wa maji machafu.

Mzee akapiga magoti, akachota kwa viganja. Ukampenya vidoleni, kama unaomkimbia.

"Mtaishi kwa kitu gani?"

"Tutalima vitunguu. Toka kwetu."

Taa ya ghalani ikazimika. Ilipowaka, pale mzee alipopiga magoti palikuwa na tope tu.

Shangazi akashuka, akayatazama mafuriko yale. Hakuuliza yametokeaje.

"Amekwenda?" alinong'ona.

"Kumbe ulijua, shangazi."

"Nani angethubutu kumkatalia?"

"Mimi nimethubutu."

Mtoto alilala salama. Msimu uliofuata mvinyo wao ulitoka mtamu kama sharubati. Wanunuzi wakacheka, wakaenda zao. Kidomo akapanda vitunguu kweli.

Lakini jirani yao wa ng'ambo ya bonde, ambaye miaka yote mvinyo wake haukunyweka, mwaka huo alitoa mweupe mkavu uliosifiwa kila pembe. Jioni moja akamletea Kidomo chupa, uso umemjaa tabasamu.

Kidomo akaonja tone. Akalitema.

"Nyumbani hawajambo?" aliuliza taratibu.

"Wazima. Ila huyu wetu wa mwisho anapungua tu, mwili unaisha. Hospitali hawaoni kitu."

Kidomo aliinuka, akavaa viatu.

"Nipeleke kwenye mapipa yako," alisema. "Na ukimkuta mtu huko, usimjibu. Niachie mimi."