Nyota Iliyojifunika Vumbi

Mchana wa jua kali, Mtaa wa Kongo umefurika kama kawa, Rania kasimama mbele ya meza ya miwani ya Godbless. Kanyanyua pea mbili juani, anazungusha moja mbele ya nyingine mpaka lenzi zikawa nyeusi tii. Mtandio wa zambarau, hina vidoleni, ananukia udi. Godbless, Mchaga wa maneno mengi, akasahau bei.

"Sister, miwani inavaliwa, haichunguliwi."

"Kaka, unauza usichokijua."

Akamweleza. Anasoma fizikia chuoni, anafuatilia nyota moja nyekundu, baridi kuliko jua, iliyojifunika wingu la vumbi. Mwanga wake ukigonga lile vumbi unatoka umelalia upande mmoja. Funga lenzi kama hii kwenye darubini, izungushe: wingu linawaka huku, linafifia kule, unajua vumbi limekaaje. Godbless hakuelewa hata nusu. Akaomba namba.

Wakapendana. Simu mpaka chaji inakata. Tatizo likawa Hussam, kaka yake Rania, mwenye duka mtaa wa pili, aliyeapa kumvunja miguu huyo Mchaga.

Ndiyo maana Ijumaa ile Rania alikuja na nikabu, macho tu nje, asijulikane. Rania hakumsemesha hata Godbless, alitaka kumtania kidogo. Akachukua pea mbili za miwani, akatoka nazo nje ya kivuli cha turubai kuzipima juani.

Godbless alikuwa kaibiwa juzi tu. Akaona mgongo mweusi unaondoka na mali yake.

"Mwizi huyo!"

Kariakoo neno hilo likitoka halirudi. Teke la kwanza likamwangusha Rania. Wapagazi, machinga, wapita njia, kila mtu na mkono wake. Mbao zikashuka. Mtu akavuta nikabu, ikachanika, Godbless akauona uso.

Aliruka meza akamlalia juu. Mbao zikahamia kwake, mbavu zikalia, jino likatoka, naye anabweka kwamba si mwizi, ni mke wangu huyu, na wao wanazidi kushusha. Ni Hussam aliyewatawanya, kwa mtaimbo.

Hospitali, Upanga. Rania, mkono umefungwa plasta, akasimama kando ya kitanda cha Godbless.

"Uliposema mwizi, walikuamini hapo hapo," akasema. "Uliposema mke, wakaendelea kupiga."

"Nisamehe, mpenzi."

Akamfuta damu kidevuni kwa ncha ya mtandio, taratibu, ila hakumtazama.

"Hussam yuko koridoni. Anauliza nani alipiga kelele. Mtaimbo anao bado. Kamwambie mwenyewe, maneno yote mawili."

Godbless akashusha miguu chini, akashika ukuta, akaelekea mlangoni.