Swali la Chiriku

Kila alasiri, baada ya kuvua sare na kunawa mikono, Wakili aliketi katika chumba cha mbele akamsaidia mama yake kukunja nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mama alikuwa fundi cherehani. Jina la Wakili alipewa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa hapakuwa na ugomvi wa uwanjani ambao hakuutolea hoja, uwe wake au wa mwingine. Mdogo wake wa kike aliitwa Chiriku. Baba yao ndiye aliyemwita hivyo kwa utani wa mapenzi, maana chiriku ni ndege mpiga kelele, naye alikuwa mtoto wa maneno machache mno.

Chiriku alikuwa na usonji. Sauti kubwa zilimuumiza, kutazamana na watu kulimchosha, na ukimwuliza jambo alikurudishia maneno yako mwenyewe. Ukisema, "Umekula?" naye hujibu, "Umekula?" Mama hakuona haya kwa hilo. Tangu shule zifunguliwe alikuwa akimfundisha kumkabidhi mteja nguo yake. Mwanzoni Chiriku aliitupa mezani akakimbia. Baadaye akawa anaiweka na kusimama. Sasa aliifikisha hadi mkononi mwa mwenyewe, na kila alipofanya hivyo Mama alishona huku akiimba.

Siku moja seremala wa mtaa wa pili, mtu mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alifuata koti lake la kazi. Mama alikuwa uani akianua nguo. Rafiki wa Wakili alikuwa amesimama mlangoni, mpira kwapani.

"Hujambo, binti?" seremala alimsalimu Chiriku.

Chiriku aliutazama ukuta.

"Huyo hakuitikii ng'o!" rafiki alicheka. "Bora ulisalimu koti."

Uso wa Wakili uliwaka moto. "Ni kiziwi, mzee," alisema upesi. "Hasikii kitu."

"Masikini! Kumbe nipaze sauti." Seremala aliinama hadi usoni pa mtoto, akanguruma, "NIPE KOTI LANGU, BINTI!"

Chiriku aliziba masikio, akapiga yowe, akajitosa chini ya meza. Seremala alifadhaika, akaondoka bila koti. Mama alikuja mbio.

"Kulikoni?"

"Ameshtuka tu," Wakili alijibu.

Toka siku hiyo Chiriku hakukanyaga tena chumba cha mbele. Mama alimbembeleza, wapi! Mtoto alikaa nyuma ya pazia, na nyimbo za Mama zikakoma. Jioni moja Wakili alimsikia akimwambia Baba kwa sauti ya uchovu, "Nadhani nilimharakisha. Afadhali niache kabisa. Kosa ni langu."

Wakili alirudisha tonge sahanini. Yeye aliyewatetea watu wote shuleni alikuwa amemwacha mama yake ajihukumu bila hatia.

"Mama, kosa si lako," alisema. "Nilisema uongo." Akaeleza yote.

"Kwa hiyo unamwonea haya mdogo wako?" Baba aliuliza.

"Nilimwonea haya, Baba."

Mama hakufoka, na hilo lilimwuma Wakili zaidi. "Kesho utakwenda kwa seremala ukamwambie hayo hayo. Peke yako."

Seremala alipoelezwa aliweka randa chini. "Lahaula! Nimemngurumia mtoto mwenye masikio makali kuliko yangu! Na wewe, Wakili, kesi hii umeshindwa."

"Nimeshindwa, mzee. Naomba radhi."

Alasiri hiyo seremala alikuja, akaketi, akanyamaza. Mama alimwita Chiriku mara moja tu, kwa upole. Pazia lilitikisika, likatulia. Wakili alifungua kinywa ili amhimize, Mama akamkazia macho, naye akakifunga. Wakangoja. Hatimaye Chiriku alitoka akiambaa ukutani, akalichukua koti, akaliweka mikononi mwa seremala. Hakukimbia. Aliinua macho hadi kwenye kidevu chake.

"Mbona leo hupigi kelele?"

Seremala alimjibu kwa sauti ya chini. "Kwa sababu siku ile nilikukosea, mwanangu. Sirudii tena."

"Haya," Chiriku alisema, akarudi nyuma ya pazia bila kuaga.

Mama alikuwa ameshika gurudumu la cherehani, asilizungushe. "Umesikia?" alimwuliza Wakili. "Hayo si maneno ya kurudishiwa. Ameuliza la kwake, tena amemwuliza mgeni."

"Nimesikia, Mama."

"Basi sikia na hili. Uongo wako ulimfungia mlango, na ukweli wako umemfungulia. Usimsemee mtu kwa sababu unamwonea haya. Akihitaji muda, mpe. Akihitaji utulivu, mpe. Kumngoja mwenzako nako ni adabu, sawasawa na kumwamkia."

Wakili aliinamisha kichwa, akavuta shati la kukunja. Nyuma ya pazia sauti ndogo iliuliza tena:

"Mama, mteja mwingine yuko wapi?"