Uso Niliomchorea Joviana

Nimeendesha malori hadi Mombasa na Bujumbura. Nimelala kwenye nyumba za wageni ambazo hata kunguni walikuwa na hati za kusafiria. Lakini jioni ile ya mwaka 1986, pale kijijini kwetu Ihanda, mimi Anastazi nilikuwa na debe la kinyesi cha ng'ombe kichwani, na kila niliyekutana naye alinipisha kama mheshimiwa.

Kinyesi kilikuwa cha ng'ombe wa mahari ya binti yangu, Joviana. Sisi wa asili ya Rwanda, kwetu kabla ya harusi wanawake hukusanyika kupamba ukuta wa chumba anachokalishwa bibi harusi. Kinyesi huchanganywa na majivu, watu wakachora kwa vidole. Fundi na asiyejua kitu, wote hutia mkono, hata baba wa bibi harusi. Harusi ilikuwa keshokutwa, Jumamosi.

Aliyetuongoza ni Bibi Vestina, mkongwe wa kazi hiyo pale kijijini.

"Mistari na pembe tu," alisema. "Chenye macho hakichorwi. Ng'ombe huyu ametolewa kwa ajili ya mtu. Kinyesi chake kinamjua."

Karabai ilivuma. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka. Mke wangu Costansia alichora pembe zilizonyooka. Mimi nilichora njia ya konokono mlevi.

"Baba Joviana, huo ni mstari au umekanyaga nyoka?" Costansia aliuliza.

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nikichekwa huwa naongeza chumvi. Nikachora duara. Macho mawili. Pua. Mdomo.

"Joviana huyu hapa, kamwona mkwe wangu anakuja!"

Kicheko kikakatika.

"Umempa jina?" Bibi Vestina alinong'ona.

Kabla sijajibu, mwanamke mmoja alisogea kutoka nyuma. Mrefu. Kitenge kimefunika nusu ya uso. Alinuka udongo uliochimbwa sasa hivi... Nilidhani ni ndugu wa Costansia. Aliweka kidole gumba juu ya ule mdomo wa ukutani, akaufuta. Taratibu. Mpaka pakawa laini.

"Bibi harusi mzuri hasemi," alisema, akatoka.

Joviana, aliyekalishwa mkekani mle chumbani tangu jioni, alitaka kusema kitu.

Mmmm...

Mmmmmm...

Midomo haikuwa imefumbwa. Ilikuwa imeshikana, ngozi kwa ngozi, kama kidonda kilichopona.

Nilitoka mbio. Uani hapakuwa na mtu. Niliporudi, Joviana alikuwa analia, na machozi yalikuwa yameziba pua. Hewa haikupita. Kucha zake zilikuwa zinakwaruza mkeka.

"Ukwangueni huo uso!" Costansia alipiga kelele.

"Ukiukwangua, umemkwangua yeye," alisema Bibi Vestina. "Aliyechora ndiye afungue. Haraka, Anastazi!"

Nilichukua kisu cha kumenyea ndizi. Nikaweka ncha ukutani, pale palipokuwa na mdomo.

Nikakata.

Nyuma yangu, Joviana alipiga yowe. Damu ikamwagika mkekani. Lakini alivuta pumzi!

Niligeuka.

Mdomo wake mpya ulianzia chini ya pua na kuishia karibu na sikio. Ndivyo nilivyokata.

"Baba," alisema, maneno yakitoka na upepo, "nipe kioo."

Hakuna aliyempa.

Aliolewa Jumamosi hiyo hiyo, kitenge usoni. Mume wake ni mtu mwema kuliko mimi. Wanaishi Murongo, mpakani. Wanaouliza huambiwa alipigwa teke na ng'ombe.

Yule mwanamke? Mimi nilidhani ni mgeni wa Costansia, Costansia akidhani ni wa Bibi Vestina. Bibi Vestina, kabla hajafa, aliniambia jambo moja tu: kila jioni kama ile huwa na mtu mmoja zaidi ya walioalikwa, naye hangoji pombe. Anangoja mjinga.

Chumba kile sikibomoi. Nimekiezeka bati mara tatu. Nafukiza moshi, namwaga majivu, nalala mlangoni. Mvua naiweza. Mchwa wamenishinda.

Wiki iliyopita walifika kwenye jicho la kushoto la ule uso.

Jana dereva mmoja kaniletea salamu kutoka Murongo. Wote wazima, Joviana anasema. Ila jicho moja linamwasha tangu Jumapili, na akilikuna, kuna kitu kama vumbi kinadondoka.