Dirisha Aliloliziba Mzee Bonifas

Rafiki yangu Anselmi, fundi mwashi wa Kimamba, si mtu wa kutunga uongo. Hildegarda alimwita azibue dirisha la baba yake, Mzee Bonifas, aliyekuwa mdunguaji, mlenga shabaha wa mafichoni, katika vita vya Kagera. Mzee aliliziba mwenyewe aliporudi.

Chumbani giza lilitanda mchana kweupe. Zilisikika pumzi tu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Acha hilo tofali. Kuna mdunguaji mwenzangu wa upande wa adui nilimkosa.”

“Gonga tu, fundi,” alisema Hildegarda. “Ni uzee huo.”

Anselmi akagonga. Kule nje, kwenye mkonge, ndege wote wakanyamaza. Lipu haikuwa na tundu, ndani wala nje, lakini tofali lilipopasuka, katikati ilikuwamo risasi. Alipoichomoa, ikamuunguza vidole.