Kiti cha Mbele cha Hudson

Kila theluji ikianguka mnanijia na ombi hili hili, na nikishawasimulia mnaniomba niwasindikize chooni. Nimechoka. Haya, kaeni, nitaisema mara moja tu, na atakayenikatiza ataimalizia mwenyewe.

Reino Kangas aliendesha greda la theluji la serikali mpaka akastaafu, na siku aliyostaafu hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amestaafu. Mkewe Elma alikuwa keshazikwa. Binti yao wa pekee, Signe, aliolewa upande wa Duluth, akawa anakuja Jumapili barabara ikimruhusu. Nyumbani ilibaki kahawa, redio na gereji. Wanaume wa huku kwetu wakifiwa hawalii. Hununua gari bovu.

Upweke wenyewe haukumtisha Reino, aliuzoea kwenye greda. Kilichomtisha ni kwamba Elma alikuwa ameanza kumponyoka. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akijaribu kusikia sauti yake, na kuna siku ilikuja upesi, kuna siku ilichelewa, kuna siku ilikuja sauti ya mtangazaji wa redio. Akaogopa. Hakuwa na kitu kingine cha thamani duniani isipokuwa yale aliyoyakumbuka juu ya mwanamke yule, na aliona yanavuja.

Ndipo akalipata hilo gari. Hudson ya mwaka hamsini na moja, rangi ya kijani, imelala ndani ya banda la ng'ombe la mzee Arvid tangu Arvid mwenyewe akiwa kijana. Njiwa walikuwa wamefanya choo chao juu ya boneti, lakini chini ya uchafu ule rangi ilikuwa ya kiwandani, kitambaa cha viti cha kiwandani, hata nati zilikuwa hazijaguswa na spana. Reino akafungua mlango, akachungulia ndani.

"Nakuuzia kwa sharti moja," Arvid akasema. "Kiti cha mbele ukitoe ukichome. Kabla hujaliwasha."

Gari hizo kiti cha mbele ni kimoja kirefu, kama benchi, wanakaa watatu.

"Kiti kina nini?"

"Mama yangu alifia pale. Baba aliingia kwa jirani kucheza karata, akamwambia nakuja sasa hivi. Mama akabaki na injini inanguruma apate joto. Theluji ikaziba ekzosi, moshi ukarudi ndani. Baba alipokumbuka kwamba ana mke, akamkuta kaegemea mlango, mashavu mekundu kama ametoka kwenye mvuke wa sauna. Tukadhani amelala."

"Pole, mzee."

"Aliitwa Hilja. Alipenda sana mazungumzo." Arvid akatazama pembeni. "Bado anapenda. Kichome."

Reino akampa mkono. Kwa watu wetu, mkono ukishatolewa hakuna haja ya karatasi.

Lakini Reino alikuwa na rafiki, Urho Lampi, mmoja wa majaji wa klabu ya magari ya kale, mtu ambaye hakujua kanisa lilipo ila alijua kila kampuni ilitumia uzi wa rangi gani kushonea viti mwaka gani. Urho alipoambiwa habari ya kuchoma alikaa chini kabisa.

"Uchome kiti cha asili? Kwa nini usichome na nyumba?"

"Nimempa mkono, bwana."

"Mkono unao mwingine. Sikiliza, Reino. Gari unaweza kulipaka rangi mara ishirini, hakuna anayekuzuia. Lakini la asili ukiligusa siku moja tu, limekwisha, haliwi la asili tena mpaka kiama. Kwenye maonyesho ya mwaka jana, katika kundi la magari yasiyoguswa, yalikuja mawili, na moja lilikuwa la uongo. Wewe ukileta hili na kiti chake, majaji watavua kofia. Ukileta na kiti kipya, una gari la kijani."

"Na Arvid?"

"Arvid ataona nini? Macho yake yamekwisha, hata ng'ombe wake mwenyewe hawaoni."

Basi Reino akaburuta kochi bovu uani, akalichoma, ili Arvid akipita barabarani auone moshi. Mzee akapita, akauona, akapunga mkono. Na kiti kikabaki pale pale kilipo.

Ilianza na kitu kidogo. Upande wa abiria, karibu na mlango, kitambaa kilikuwa kimebonyea, bonde dogo la mtu asiye mnene. Reino akalipapasa, akalisawazisha kwa brashi, likajaa. Kesho yake likarudi. Akasema ni springi. Kufungua aangalie hakuweza, maana mshono ulikuwa wa kiwandani. Akaliacha.

Kisha ikaja harufu. Sufu iliyolowa, na nyuma yake moshi wa petroli, ingawa tangi lilikuwa kavu na betri ilikuwa mezani. Akafungua mlango wa gereji hewa iingie, baridi ikaingia, harufu isitoke.

Huku kwetu Desemba jua hukata tamaa mapema, mtu hajamaliza hata chai ya saa kumi. Giza likiingia Reino aliwasha jiko la kuni gerejini, akaketi kwenye usukani na kitambaa chake akisugua dashibodi, na kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kunyamaza majira yote ya baridi, akaanza kuongea. Aliongea na Elma. Siku ya kwanza alimkumbusha ile ngoma ya usiku wa Yohana, sikukuu ya katikati ya kiangazi, walipokutana, Elma kapoteza kiatu kimoja ziwani na akacheza hivyo hivyo mpaka asubuhi. Alipomaliza, upande wa mlango akasikia mtu anashusha pumzi, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Akatoka nje akasimama kwenye theluji bila koti. Kisha akajiambia ni kuni zinazolia ndani ya jiko, akarudi.

Jumapili Signe akaja na mkate wa iliki. "Baba, ile ya mama na kiatu, nisimulie. Wanangu hawaniamini."

"Kiatu gani?"

"Kiatu, baba. Ziwani."

Reino akatafuta. Si kwamba kilikuja nusu, au kwa ukungu. Mahali kilipokuwa palikuwa pamefagiliwa.

"Sikumbuki habari ya kiatu," akasema, na Signe akadhani anatania.

Mwenye akili angefunga ile gereji kwa misumari. Lakini jioni ile ile, alipokaa kwenye usukani akiwa na hofu yake, sauti ilimwambia kutoka upande wa abiria, "Na kisha?" Nayo ilikuwa sauti ya Elma. Si inayofanana. Ni yake, na ule mkwaruzo wa asubuhi kabla ya kahawa. Reino akaweka paji la uso kwenye usukani akalia kama hajawahi kulia makaburini, na alipomaliza kulia, akasimulia.

Alijua. Nisiseme uongo kumstahi, alijua. Jambo alilosimulia jioni, asubuhi halikuwepo. Lakini jioni sauti ilikuwepo, na mtu aliyekuwa akihesabu matone yanayovuja sasa aliona heri ayamimine yote mahali pamoja, panapojibu. Akaacha kupika. Akaacha kumpigia Urho, na Urho alipokuja mwenyewe na soseji na utani wake, akaketi upande wa abiria bila kuuliza, kisha akatoka polepole, uso umekauka.

"Reino. Kuna mtu kanikalia."

"Usingekaa mahali pa mtu."

Urho akaziacha soseji. Hakurudi tena, na huyo ndiye aliyejua habari za uzi.

Jioni zikafuatana, na lile bonde la kitambaa likahama. Lilitoka mlangoni likaja katikati ya kiti, na harufu ya sufu na moshi nayo ikabadilika, ikaanza kuwa na iliki ndani yake, na sabuni ya Elma, na ile pomedi aliyopaka mikononi baada ya kufua, na Reino akakaa gizani akisimulia harusi yao, akisimulia mimba iliyotoka ambayo hawakumwambia mtu, akisimulia jinsi alivyomshika mkono hospitali mpaka mkono ukawa kitu tu, na kila alipotaka kunyamaza ile sauti ilisema na kisha, na kisha, kwa upole, kwa njaa, na kiti kikabonyea karibu zaidi, mpaka akahisi ubaridi umemgusa nyonga, umepanda mbavuni, umelaza kichwa begani mwake, na hakukuwa na chochote begani mwake isipokuwa koti lake mwenyewe lililobonyea.

Jumapili iliyofuata Signe alikuta nyumba baridi, mabomba ya maji yameganda. Akaona mwanga wa jiko gerejini. Akaingia, akashika mlango wa abiria.

"Kuna mtu," baba yake akasema, kama mtu anayeambia mwenzake kwamba chooni kuna mtu.

Signe akacheka kidogo. Kisha akaona bega la baba yake, koti limebonyea. Akasikia harufu ya mama yake, ikizungukwa na moshi wa gari. Na kutoka pale penye lile bonde, sauti iliyomlea ikauliza taratibu:

"Reino, binti huyu ni wa nani?"

Signe ameniambia kwamba alitishika na mengi maishani, lakini hapo ndipo alipojua baridi ni nini. Mama yake alikuwa anaongea, na hamjui bintiye.

"Sijakwambia habari zake bado," Reino akasema.

"Nisimulie na huyu."

Signe alikuwa keshazunguka gari na kufungua mlango wa usukani; Reino akageuka, akamtazama binti yake kwa mapenzi makubwa, akafungua kinywa. "Alizaliwa siku ya..."

Signe akamziba mdomo kwa mkono wenye glavu, akamvuta kwa kola, wakaanguka wote wawili kwenye sakafu ya saruji. Nyuma yao mlango wa Hudson ukajifunga wenyewe, bila kishindo, kama mtu aliyekubali kungoja.

Alimpeleka kwa Lempi. Lempi alikuwa mkongwe kuliko mimi nilivyo sasa, na aliwaumika watu kwa pembe za ng'ombe ndani ya sauna yake, wakiwemo wauguzi waliokuja kwa mlango wa nyuma. Akamvua Reino nguo, akamketisha kwenye mvuke, akamchanja mgongoni, akabandika pembe. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na inanuka petroli.

"Nani uliyempa mkono ukamdanganya, kijana?" Reino alikuwa na mvi mpaka masikioni.

"Arvid."

"Na mama yake umekuwa ukimlisha nini?"

Reino akageukia ukuta. Signe akamjibia. Lempi akasikiliza mpaka mwisho, akimwagia mawe maji.

"Huyo mwanamke hakuwa mbaya," akasema. "Aliambiwa nakuja sasa hivi, akangoja. Kilichomfanya jini ni kungoja. Wewe umemkuta na njaa ukamlisha mkeo, kipande kwa kipande, na sasa anamtaka binti. Kiti kinachomwa kesho mchana. Unakitoa wewe, kwa mikono yako, wala mtu asikusaidie."

"Na Elma?"

"Alichokula anaondoka nacho."

"Bibi, anayo sauti yake. Humo tu ndimo sauti yake iliko."

"Najua."

"Hakuna dawa ya kukirudisha?"

"Ulikuwa nacho kichwani mwako, bure. Ukampa ili usikipoteze." Lempi akang'oa pembe ya mwisho. "Dawa ya hilo mimi sina. Chagua kati ya aliyekufa na aliye hai, na chagua kabla maji hayajapoa."

Kesho yake mchana Reino aliingia gerejini na spana. Signe alisimama nje na Lempi, amekatazwa kusogea, akasikia baba yake anafungua nati za kiwandani moja baada ya nyingine, na akasikia sauti ya mama yake inazungumza naye kwa wakati wote ule. Haikutisha. Haikuomba. Ilimwambia kahawa inapoa. Ilimwambia aje alale, amechoka. Nati zikaendelea kulegea. Kisha kiti kikatoka mlangoni, Reino akikivuta peke yake, kizito kuliko kiti, na miguu yake ikizama thelujini kama amebeba mtu.

Kiliwaka vibaya. Moshi haukupanda, ulitambaa juu ya theluji kuelekea barabarani, polepole, na penye kona ukasimama kidogo, kisha ukaenda. Lempi akasema imekwisha. Reino aliendelea kutazama barabara, na baada ya muda akauliza kwa adabu ni nani wanayemsindikiza.

Gari lilipelekwa kwenye maonyesho ya kiangazi na kiti cha kushonwa mjini. Majaji walilipita, Urho akiwa mmoja wao, macho chini.

Signe hakuacha kuja. Jumapili moja alileta picha aliyoikuta kwenye sanduku la mama yake, akaiweka mezani mbele ya baba yake. Mwanamke kijana, viatu mkononi, ameegemea gari na anacheka.

Reino akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukachangamka.

"Nash," akasema. "Hamsini na nne. Vifuniko vya magurudumu si vyake, mtu kavitoa kwenye gari jingine. Lakini bampa ni la asili."

"Na aliyeegemea, baba?"

Akatazama tena, kwa heshima, kama mtu anavyotazama jamaa za watu.

"Mzuri," akasema. "Angesogea kidogo tu. Ameziba mlango wote."